Muungano wa 1707: Mkataba Uliobaki Bila Mlinzi

Kila mjadala kuhusu muungano wa Uskoti na Uingereza huishia kwenye fedha: je, wabunge wa Edinburgh walinunuliwa? Swali hilo ni halali, na sehemu kubwa ya jibu lake imo katika hesabu za malipo za wakati ule. Lakini hata likishajibiwa, halitwambii kwa nini ufalme mpya wa Britania, uliozaliwa tarehe 1 Mei 1707, ulikuwa haujatimiza miaka saba pale baadhi ya waasisi wake waliposimama bungeni London kutaka uvunjwe. Jibu la hilo limo katika jinsi mkataba wenyewe ulivyotungwa. Ulikuwa na ibara 25, nyingine zimepigiwa hesabu hadi nusu peni. Ulichokosa ni mahali pa kwenda kushtaki ibara ikivunjwa.

Katika makala hii, Uingereza ni nchi ya kusini peke yake, pamoja na Wales iliyokuwa imekwisha kumezwa nayo. Ufalme uliotokana na muungano tutauita Britania.

Nchi hizi mbili zilikuwa na mfalme mmoja tangu 1603. Malkia Elizabeth I alifariki tarehe 24 Machi mwaka huo bila mtoto, na kiti chake kikaenda kwa James VI wa Uskoti, ambaye huko kusini akaitwa James I. Taji lilikuwa kichwani pa mtu mmoja, lakini mabunge yalibaki mawili, hazina mbili, makanisa mawili, mifumo ya sheria miwili, na katikati mpaka wenye ushuru. James alitamani nchi zake ziwe kitu kimoja, akajitangaza mfalme wa Britania mwaka 1604, lakini bunge la Uingereza likamkatalia. Kwa karne nzima mpango huo ulikwenda kwa kuchechemea. Sheria ya usafirishaji baharini ya 1660 ilimfanya mfanyabiashara wa Glasgow ahesabiwe mgeni katika makoloni ya mfalme wake mwenyewe.

Kasoro ya mfalme mmoja mwenye mabaraza mawili ilionekana wazi zaidi katika mkasa wa Darien. Mwaka 1695 bunge la Uskoti lilianzisha Kampuni ya Uskoti ili nchi ipate biashara yake ya ng'ambo. Waingereza waliotaka kununua hisa walitishwa na bunge lao, wakajitoa. Waskoti wakaahidi wenyewe paundi 400,000. Mwezi Julai 1698 meli tano ziling'oa nanga Leith zikiwa na watu wapatao 1,200, zikielekea shingo ya nchi ya Panama. Huko ardhi ilikuwa inadaiwa na Hispania, mvua haikukatika, na homa na kuhara viliwamaliza watu. Mfalme William III, ambaye kama mfalme wa Uskoti ndiye aliyeidhinisha kampuni hiyo, alikuwa hataki ugomvi na Hispania kama mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo magavana wa makoloni ya Uingereza katika Karibi waliamriwa wasiwauzie walowezi hao hata chakula. Msafara wa pili ulifika ukakuta mahame, ukazingirwa na Wahispania, ukasalimu amri mwaka 1700. Watu wapatao 2,000 walikufa, na kati ya meli tano za kwanza ni Caledonia peke yake iliyorudi nyumbani.

Husemwa mara nyingi kwamba Darien iliifilisi serikali ya Uskoti. Si kweli. Serikali haikuwa mwekezaji. Walioumia ni wenye hisa: makabaila, wanasheria, wafanyabiashara, halmashauri za miji. Kati ya zile paundi 400,000 zilizoahidiwa, zilizolipwa hasa zilikuwa kama 153,000. Kwa nchi yenye watu takriban milioni moja, iliyokuwa ikitoka katika miaka ya njaa kali ya 1690, hizo zilikuwa fedha nyingi mno. Jambo la kukumbuka ni kwamba wenye hisa wengi walikuwa ndio haohao waliokaa bungeni, au ndugu zao. Tutalirudia.

Kilichoisukuma Uingereza ni suala la urithi wa kiti. Mwaka 1700 alifariki mtoto pekee wa Anne, mrithi wa Mfalme William, aliyekuwa amebaki hai, akiwa na umri wa miaka 11. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza likaamua kwamba baada ya Anne kiti kiende kwa Sophia wa Hanover na uzao wake wa Kiprotestanti. Uskoti haikuulizwa. Bunge lake lilijibu kwa Sheria ya Usalama, iliyopata kibali cha Malkia Anne mwaka 1704: Uskoti ingemchagua mrithi wake yenyewe, na asingekuwa yule wa Uingereza mpaka uhuru wa biashara na wa serikali ya Uskoti uhakikishwe. Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, nchi iliyomhifadhi mdai wa kiti wa Kikatoliki, wa ukoo wa Stuart. Kuwa na mfalme mwingine mpakani kaskazini kulikuwa hatari isiyokubalika London.

Jibu la London likawa Sheria ya Wageni ya 1705. Iwapo hadi tarehe 25 Desemba 1705 Uskoti haitakuwa imekubali ama urithi wa Hanover ama mazungumzo ya muungano, Waskoti wangehesabiwa wageni katika masuala ya mirathi na ardhi huko kusini, na kitani chao, ng'ombe wao na makaa yao ya mawe yasingeingia Uingereza. Hizo ndizo bidhaa walizoishi kwa kuziuza. Kitisho hicho kilifutwa kabla ya tarehe kufika, maana kilikuwa kimeshafanya kazi.

Tarehe 1 Septemba 1705 liliamuliwa jambo ambalo lina uzito kuliko kura zote zilizofuata. Bunge la Edinburgh lilikuwa limekubali kuzungumza. Lililobaki ni nani awateue wajumbe. Jioni, wapinzani wengi wakiwa wamekwisha kutoka ukumbini, Duke wa Hamilton, aliyehesabiwa kiongozi wa upinzani, alisimama akatoa hoja kwamba uteuzi aachiwe Malkia. Hoja ikapita. Matokeo yake, karibu wajumbe wote 31 wa upande wa Uskoti walikuwa watu walioutaka muungano tayari. Mazungumzo yakawa kati ya watu wanaokubaliana juu ya lengo na kutofautiana juu ya bei.

Mazungumzo hayo yalianza London tarehe 16 Aprili 1706 na kumalizika tarehe 22 Julai, wajumbe 31 kwa 31. Kwa sehemu kubwa pande mbili hazikukaa meza moja. Zilipelekeana hoja kwa maandishi. Waskoti walijaribu kugusia mpango ambao kila nchi ingebaki na bunge lake, Waingereza wakakataa hata kuujadili. Ndani ya siku chache biashara ilikuwa imeeleweka: Uingereza inapata bunge moja na mrithi mmoja, Uskoti inapata uhuru wa kufanya biashara ndani ya nchi nzima na makoloni yake. Idadi ya wabunge ilileta mvutano zaidi. Kwa kupima kodi, Uskoti ingestahili kama wabunge 13. Kwa kupima watu, kama 100. Waingereza walisema 38, Waskoti wakataka 50, wakakutana kwenye 45, pamoja na malodi 16 wa kuchaguliwa na wenzao. Jimbo la Cornwall peke yake, huko kusini, lilikuwa na wabunge 44.

Ibara za fedha ndizo zilizosukwa vizuri kuliko zote. Ibara ya 9 inasema kila Uingereza itakapotozwa kodi ya ardhi ya paundi 1,997,763, shilingi 8 na peni nne na nusu, Uskoti italipa paundi 48,000, na kodi ikipanda au kushuka, uwiano ubaki uleule. Mlipaji alijua deni lake kabla mtoza kodi hajabisha hodi. Ibara hiyo haikuzua ugomvi mkubwa, kwa sababu haikumwachia mtu yeyote nafasi ya kuitafsiri.

Kisha kuna fidia ya ibara ya 15. Uingereza ilikuwa na deni kubwa la taifa kutokana na vita. Uskoti haikuwa na deni la aina hiyo. Kwa kuwa sasa Waskoti wangelipa ushuru uleule, sehemu ya fedha zao ingekwenda kulipia deni ambalo hawakulikopa. Wajumbe walichukua makadirio ya ushuru wa Uskoti, forodha paundi 30,000 na ushuru wa bidhaa 33,500 kwa mwaka, wakakokotoa sehemu itakayoingia kwenye deni la Uingereza, wakapata thamani yake ya papo hapo: paundi 398,085 na shilingi 10. Fedha hizo zilipangiwa kazi: kufidia hasara ya kubadili sarafu za Kiskoti kuwa za kiwango cha Uingereza, kuwarudishia wenye hisa wa Kampuni ya Uskoti mtaji wao pamoja na riba ya asilimia 5, kisha kampuni ivunjwe, kulipa madeni ya serikali ya Uskoti, yakiwemo malimbikizo ya mishahara, na kutoa paundi 2,000 kila mwaka kwa miaka saba kukuza ufumaji wa sufu.

Utekelezaji ulikwenda kombo mara moja. Fedha zilipaswa kuwepo muungano unapoanza, zikafika Edinburgh Agosti, chini ya ulinzi wa askari. Taslimu ilikuwa paundi 100,000 tu. Zilizobaki zilikuwa hati za hazina ambazo watu wa Edinburgh hawakuziamini. Wenye hisa wa Darien walilipwa kwanza, wadai wa serikali wakaambiwa wasubiri, na wengi wakaishia na hati za madai. Wenye hati hizo ndio waliounda kampuni iliyopewa leseni ya benki mwaka 1727, Royal Bank of Scotland. Benki kubwa ya nchi ilizaliwa na deni ambalo muungano ulichelewa kulilipa.

Sasa ile rushwa. Paundi 20,000 zilitumwa kwa siri kutoka hazina ya Uingereza na kugawiwa wanasiasa wa Uskoti. Duke wa Queensberry, mwakilishi wa Malkia bungeni, alichukua 12,325. Lord Banff alipata paundi 11 na shilingi 2. Watetezi husema yalikuwa malimbikizo ya mishahara, na kwa baadhi ni kweli. Lakini malimbikizo halali hayalipwi gizani. Hata hivyo fedha hizo hazitoshi kueleza matokeo. Duke wa Atholl alipokea paundi 1,000 na akaendelea kupinga. Kundi la wabunge wapatao 25 lililokaa katikati, Squadrone, ndilo lililoamua kura, na wengi wao hawakuonja mfuko huo. Kwa maoni yetu, nguvu kubwa zaidi ilikuwa ile ibara ya 15 yenyewe, iliyoahidi hadharani kuwarudishia wenye hisa hasara yao pamoja na riba. Mbunge aliyekuwa na hisa za Darien alikuwa anapigia kura mfuko wake mwenyewe, na sheria haikumzuia.

Kura ya ibara ya kwanza, tarehe 4 Novemba 1706, ilikuwa 116 kwa 83. Mkataba mzima uliridhiwa tarehe 16 Januari 1707 kwa kura 110 dhidi ya zisizofika 70. Nje ya ukumbi hali ilikuwa nyingine kabisa. Maombi ya kuupinga yalimiminika kutoka mikoa na miji, ya kuuunga mkono hayakuonekana. Edinburgh na Glasgow zilikumbwa na ghasia. Dumfries mkataba ulichomwa moto hadharani. Kilichowatuliza wachungaji, na hivyo kupunguza makali ya umma, ni sheria ya Novemba 1706 iliyolihakikishia Kanisa la Presbiteri mfumo wake milele na kuunganishwa na mkataba.

Siku ufalme mpya ulipoanza, wabunge wa Uingereza waliokuwepo hawakurudi kwa wapiga kura. Waliendelea kukaa palepale, jina la bunge likabadilika. Wale 45 wa Uskoti walichaguliwa na bunge la Edinburgh miongoni mwa wabunge wake, kisha bunge hilo likatoweka. Kisheria pande mbili zote zilikufa kikazaliwa kitu kipya. Kwa vitendo mmoja alikufa na mwingine akabadilisha jina. Baraza la Ushauri la Mfalme huko Uskoti nalo likafutwa Mei 1708. Baada ya hapo hapakuwa na chombo hata kimoja cha Kiskoti chenye mamlaka ya kusema ibara fulani imekiukwa.

Ukiukaji haukukawia. Ibara ya 19 ilizilinda mahakama za Uskoti, ikakataza kesi zake zisisikilizwe na mahakama zilizoko ukumbi wa Westminster, na kuzitaja baadhi kwa majina. Haikusema lolote kuhusu rufaa kwa Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya bunge la London. James Greenshields, mchungaji aliyefungwa Edinburgh kwa kuongoza ibada kwa kitabu cha sala cha Kiingereza, alipenya kwenye mwanya huo, na mwaka 1711 Malodi wakabatilisha uamuzi wa mahakama kuu ya Uskoti. Kuanzia hapo rufaa za madai zikawa zinakwenda London. Ukimya ule haukuwa usahaulifu wa wanasheria wabovu. Kuandika neno moja, la kukubali au la kukataa, kungeweza kuuangusha mkataba mzima, kwa hiyo pande zote ziliona afadhali zinyamaze.

Mwaka 1712 lilikuja pigo la kanisa. Bunge lilirudisha haki ya mwenye ardhi kuwapangia waumini mchungaji, haki iliyokuwa imeondolewa mwaka 1690. Kanisa lililoahidiwa mfumo wake milele lilikuwa limepata miaka mitano. Waumini wa kwanza walijitenga mwaka 1733, na mwaka 1843 zaidi ya theluthi moja ya wachungaji walitoka kwa pamoja wakaacha nyumba na mishahara. Sheria yenyewe ilifutwa 1874. Pamoja na hayo mfumo wa Kipresbiteri haukuvunjika, kwa kuwa ulikuwa na watu wake kila kijiji: wazee wa kanisa, presbiteri, Baraza Kuu la kila mwaka. Wamisionari wa Kiskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu 1898 waliuleta huohuo, na ndiyo maana Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) nchini Kenya hadi leo inaongozwa na wazee, presbiteri na Baraza Kuu, bila askofu.

Ibara ya 14 nayo ilisema kimea cha Uskoti hakitatozwa kodi wakati wa vita vilivyokuwa vikiendelea. Kimea ndicho cha kutengenezea pombe ya shayiri, kinywaji cha kila siku cha watu wa kawaida. Mwaka 1713 bunge lilipitisha kodi ya peni sita kwa kila busheli, sawa na Uingereza, ilhali amani na Hispania ilikuwa bado haijatiwa sahihi na shayiri ya Kiskoti ilikuwa dhaifu kuliko ya kusini. Wabunge 45 wangefanya nini dhidi ya 513? Mwezi Juni hoja ya kuvunja muungano ilitolewa katika Baraza la Malodi. Waliokuwepo ukumbini waligawanyika 54 kwa 54. Ilipohesabiwa kura za waliotuma wawakilishi, hoja ikaanguka kwa kura nne. Mtoa hoja alikuwa Earl wa Findlater, ambaye mwaka 1707, akiitwa Seafield, ndiye aliyekuwa Chansela wa Uskoti na mmoja wa wasukaji wakuu wa muungano huo. Miaka miwili baadaye Earl wa Mar, mjumbe mwingine wa mazungumzo ya 1706, aliongoza uasi wa silaha wa kumrudisha mdai wa Stuart.

Muungano ulidumu, na sababu zake zinajulikana. Jeshi la serikali liliwashinda waasi wa Stuart, mara ya mwisho Culloden tarehe 16 Aprili 1746, kisha mwaka 1747 bunge likafuta mamlaka ya kurithi ya mabwana wa ardhi ambayo ibara ya 20 iliyahifadhi. Safari hii angalau liliwalipa fidia. Na biashara iliyoahidiwa ilifika, ingawa kwa kuchelewa. Kufikia miaka ya 1760 Glasgow ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za tumbaku barani Ulaya. Tumbaku hiyo ililimwa na watumwa wa Kiafrika Virginia na Maryland, na hesabu yoyote ya faida za muungano inayowaacha nje ni hesabu pungufu.

Ufalme wa Britania wenyewe ulikoma tarehe 31 Desemba 1800, Ireland ilipoingizwa na kuundwa Ufalme wa Muungano. Safari hii makosa yalikuwa makubwa zaidi. Ireland ilipewa wabunge 100, lakini Waziri Mkuu William Pitt aliwatia moyo Wakatoliki, waliokuwa wengi kabisa nchini humo, kwamba muungano ungewafungulia milango ya bunge. Hakuliandika. Mfalme George III akakataa, Pitt akajiuzulu 1801, na Wakatoliki wakasubiri hadi 1829. Hata kilichoandikwa hakikuwa na kinga: ibara ya 5 iliunganisha makanisa rasmi ya Uingereza na Ireland milele, na mwaka 1869 bunge likapitisha sheria ya kuyatenganisha. Mwaka 1922 kaunti 26 kati ya 32 zilikuwa zimeondoka.

Swali la nani anaulinda mkataba wa 1707 lilifika mahakamani Edinburgh mwaka 1953. John MacCormick alipinga Malkia mpya kuitwa Elizabeth wa Pili, kwa kuwa Elizabeth wa Kwanza hakuwahi kutawala Uskoti. Alishindwa. Lakini Jaji Mkuu, Lord Cooper, aliandika kwamba dhana ya bunge lenye mamlaka yasiyo na mpaka ni ya Kiingereza na haina asili katika sheria ya kikatiba ya Uskoti, na kwamba haoni kwa nini bunge jipya la 1707 lirithi tabia za bunge la Uingereza peke yake. Hata hivyo alitilia shaka kama mahakama yoyote ina uwezo wa kupima sheria ya umma dhidi ya mkataba.

Bunge la Uskoti lilirudi 1999, chini ya sheria ya 1998 inayoutaja muungano wa falme hizi miongoni mwa mambo ambayo bunge hilo haliruhusiwi kuyatungia sheria. Tarehe 23 Novemba 2022 Mahakama Kuu Kabisa mjini London, kwa kauli moja ya majaji watano, iliamua kwamba katazo hilo linahusu pia kura ya maoni ya uhuru, hata ikiwa ni ya ushauri tu. Ruhusa ya kuipiga inatoka kwa bunge la London, Westminster, ambako Uskoti leo ina wabunge 57 kati ya 650.